Kunguni wa Kitanda cha MBA

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaoandika programu tunaielewa methali hii mara mbili, maana Waingereza huiita hitilafu ya programu mdudu, na kuwasaka wadudu hao ndiyo kazi inayotulisha. Ukitaka kujua programu fulani ina wadudu gani, humuulizi aliyeiuza. Unamtafuta mtu anayeitumia kila siku, unaketi kando yake, unamwangalia.

Leo sitaandika kuhusu seva wala lugha mpya ya programu. Nataka kuandika kuhusu shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hii ambayo kila mtu anaiita MBA, na hasa namna ya kuwauliza walio ndani yake kabla hujatoa pesa zako. Mwaka uliopita nilikuwa mmoja wa waulizaji. Nilichogundua ni kwamba yapo maswali ambayo hayawezi kupata jibu la maana hata kama anayejibu ni mkweli kabisa, na yapo mengine ambayo humtoa mtu ukweli bila hata yeye kukusudia.

Kwa nini mwandishi wa programu anaitaka MBA

Njia yetu inafahamika. Unaajiriwa, unaandika msimbo miaka mitano au sita, kisha siku moja unaambiwa wewe sasa ni kiongozi wa timu. Mshahara unapanda kidogo na kazi uliyoipenda inapungua. Badala ya kurekebisha hitilafu unarekebisha ratiba. Badala ya kubishana na kompyuta unabishana na meneja wa fedha, na kompyuta angalau hukuambia kosa liko mstari wa ngapi.

Mimi naongoza timu ya watu wanane hapa Nairobi. Tulikuwa na pendekezo la kubadilisha mfumo wa malipo ambao umri wake ni zaidi ya miaka kumi na ambao kila mwisho wa mwezi hututoa kitandani usiku. Kwenye mkutano tuliulizwa maswali mawili tu: pesa hizi zitarudi lini, na zikirudi mwaka wa tatu zitakuwa na thamani gani ukilinganisha na pesa za leo? Upande wetu wa meza ulikuwa na michoro mizuri ya mfumo, lakini jibu la maswali hayo halikuwepo. Pendekezo likawekwa kando. Wiki hiyo nikaanza kutazama tovuti za vyuo.

Bei ndiyo iliyonifanya nisimame kidogo. Katika shule kubwa za Marekani kama Harvard, ada ya masomo pekee imepita dola 70,000 kwa mwaka, na masomo ni ya miaka miwili. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 9 kila mwaka, kabla hujala wala hujapata pa kulala. INSEAD ya Ufaransa humaliza kwa miezi 10, kwa hiyo mshahara unaoukosa ni wa muda mfupi zaidi, ila ada bado ni ya kukutoa jasho. Nairobi gharama ni ndogo zaidi na unaweza kusoma jioni huku ukifanya kazi, lakini hata hiyo "ndogo" si neno la kulitamka ovyo mbele ya mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Mpango wangu ulikuwa mkopo wa Sacco. Wanachama wa Sacco wanaijua hesabu yake: unaweza kukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yako, lakini lazima upate wadhamini, na akiba ya mdhamini hushikiliwa mpaka deni lipungue. Mdhamini wangu wa kwanza angekuwa dada yangu mkubwa, kwa kuwa tuko Sacco moja. Tatizo ni kwamba akiba hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiitegemea kukopea karo ya mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akielekea Gredi ya 10. Nilipompigia simu hakukataa. Aliniambia hivi tu: "Mdogo wangu, saini nitaweka. Lakini kwanza nenda ukawaulize walio huko ndani. Si wale wa kwenye picha."

Wale wa kwenye picha mnawajua. Wako kwenye kila tovuti ya chuo, wameketi kwenye nyasi na kipakatalishi, wanacheka. Sijawahi kumwona mtu akicheka namna hiyo mbele ya kipakatalishi.

Jibu unalolijua kabla hujauliza

Maswali ambayo wengi huwaandikia wanafunzi wa MBA ni haya: Je, MBA inafaa? Unakipenda chuo chako? Ungenishauri nije?

Hebu mfikirie anayeulizwa. Huenda ameacha kazi. Huenda amekopa. Huenda jamaa zake walifanya harambee, wakamsindikiza uwanja wa ndege na kupiga picha thelathini. Sasa yuko katikati ya safari, na wewe unamtaka akuambie kwamba basi alilopanda haliendi popote. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Wala hakudanganyi. Anajiambia yeye mwenyewe kwanza, wewe unasikia mwangwi tu.

Mwaka 1959 wanasaikolojia Leon Festinger na James Carlsmith walichapisha matokeo ya jaribio ambalo linanijia akilini kila ninaposoma sifa za chuo kutoka kwa mwanafunzi wake. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kazi iliyokusudiwa kuchosha: kwa saa nzima, kupanga vigurudumu vya uzi kwenye sinia, kuvitoa, kuvirudisha, na kuzungusha vigingi vidogo ubaoni. Walipomaliza, baadhi yao waliombwa wamwambie mtu mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake kwamba kazi ile inafurahisha. Kundi moja lililipwa dola 20 kwa kusema hivyo, kundi lingine dola 1. Baadaye wote wakaulizwa waliionaje kazi yenyewe.

Waliosema iliwafurahisha zaidi ni wale wa dola 1. Aliyepata dola 20 alijua kwamba amesema kwa sababu ya pesa. Aliyepata dola 1 hakuwa na kisingizio cha kutosha, basi akili yake ikamtafutia kingine: labda kweli haikuwa mbaya.

Wewe unayefikiria MBA ndiye yule anayesubiri zamu. Na mwanafunzi anayetoka mlangoni hakulipwa hata hiyo dola 1. Yeye ndiye aliyelipa.

Kuna upande wa pili pia. Mwanafunzi aliyechoka wiki ya mitihani atakuambia usithubutu kukanyaga. Naye si shahidi mzuri. Mmoja wa niliozungumza nao alinijibu hivyo mwezi wa Novemba, halafu Januari, baada ya kupumzika, akaanza kunishawishi nijiunge. Ni mtu yuleyule, chuo kilekile. Maoni ni kama hali ya hewa. Nilihitaji kitu kisichobadilika na mvua.

Uliza ya jana

Katika kazi yetu dawa ya tatizo hili ilipatikana zamani. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2001 akiwahimiza watengenezaji watazame matendo ya watumiaji badala ya kukusanya maoni yao. Nasi tunalijua hilo kwa uzoefu. Mteja akiniandikia "mfumo wenu ni mbaya", sina la kufanya. Akiniandikia "jana saa nne asubuhi nilibonyeza kitufe cha kulipa, pesa ikakatwa, risiti haikuja", huyo amenipa pa kuanzia.

Basi nikaitumia dawa hiyo. Kwa miezi minne nilizungumza na wanafunzi saba: wanne wa Nairobi, wawili wa Ulaya na mmoja wa Marekani. Majina yao na vyuo vyao nitabaki navyo mwenyewe, kama nilivyowaahidi. Wote niliwauliza maswali matano, na yote ni ya mambo yaliyokwisha kutokea.

Swali la kwanza: Jumanne iliyopita ulifanya nini, tangu ulipoamka hadi ulipolala?

Nilichagua Jumanne kwa sababu Jumatatu kila mtu ana bidii na Ijumaa kila mtu ana mipango. Kijana mmoja wa Ulaya alianza kunisifia mazingira ya kimataifa. Nikamwomba turudi Jumanne. Kumbe Jumanne yake ilikuwa hivi: asubuhi madarasa mawili, mchana kikao na kampuni ya ushauri iliyokuja kusaka wafanyakazi, alasiri mazoezi ya usaili na mwenzake, jioni kurekebisha wasifu wake wa kazi, usiku kusoma kwa ajili ya kesho. Tukijumlisha, saa sita za siku hiyo zilikwenda kwenye kutafuta kazi. Na huo ulikuwa mwezi wake wa pili tu chuoni.

Si kosa la mtu. Kozi ya mwaka mmoja ni fupi na waajiri hawangoji. Ila maana yake ni kubwa kwako wewe: ukifika bila kujua unataka kazi gani, hutapata nafasi ya kutulia na kufikiri. Utabebwa na mkondo, na mkondo mkubwa wa shule hizo huelekea kampuni za ushauri na za fedha. Kama huko ndiko unakotaka kwenda, vizuri sana. Kama unataka kurudi kutengeneza bidhaa, jua kwamba utapiga mbizi kinyume cha maji.

Dada mmoja wa Nairobi anayesoma jioni alinipa Jumanne fupi. Alitoka nyumbani alfajiri kukwepa msongamano, akawa kazini hadi saa kumi na moja, akaingia darasani saa kumi na moja na nusu, akatoka saa mbili na nusu usiku, akapanda matatu. "Nilitoka mtoto amelala, nikarudi mtoto amelala," alisema, kisha akanyamaza. Sikumuuliza zaidi. Hakuna karatasi ya ada yenye mstari wa gharama hiyo.

Yule wa Marekani Jumanne yake ilikuwa ya kusoma na kusema. Shule nyingi hufundisha kwa visa vya biashara: unapewa kurasa kadhaa kuhusu kampuni iliyokwama, unazisoma usiku, kesho darasa zima linajadili ungefanya nini ungekuwa wewe mkurugenzi. Harvard ndiyo maarufu zaidi kwa mtindo huu. Darasa huwa na watu wapatao 90, na katika kozi nyingi kuchangia mjadala kunaweza kubeba hadi nusu ya alama. Isome tena sentensi hiyo, ndugu yangu mwandishi wa programu. Nusu ya alama ni kwa kunyoosha mkono na kusema jambo la maana mbele ya watu 90. Sisi tuliozoea kuziba masikio kwa vipokea sauti na kunyamaza saa nne mfululizo, hilo ni jambo la kulipima mapema. Huenda ni sababu ya kutokwenda. Huenda ndiyo hasa sababu ya kwenda.

Swali la pili: umelipa nini ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya ada?

Hapa watu hucheka kwanza, halafu wanaanza kuhesabu. Walio nje walinitajia viza, bima ya afya, tikiti za ndege, suti ya usaili, na zile safari za darasa zinazoitwa za hiari lakini atakayebaki nyuma atabaki peke yake. Wa Nairobi walinitajia nauli ya usiku, chakula cha jioni siku nne kwa wiki, kuchapisha, kurudia somo, na ada ya kuongeza muda mradi ukichelewa. Mmoja alikuwa na jedwali la kila shilingi, mtu wa kupendeza sana. Gharama ambazo hazikuwa kwenye karatasi zilikaribia robo ya ada yake.

Swali la tatu: nani alianza nawe na hayupo tena, na alikwenda wapi?

Ukiuliza walio ndani, unawauliza waliobaki. Walioondoka hawamo darasani kukujibu, kwa hiyo lazima uwatafute kupitia kwa wenzao. Wote wanne wa Nairobi walinitajia watu. Mmoja alihamishwa kikazi. Mmoja alijifungua na hakurudi. Lakini hadithi iliyojirudia kuliko zote ni ya mwanafunzi aliyemaliza masomo yote ya darasani akakwama kwenye mradi wa utafiti, mwingine sasa ni mwaka wa tatu. Tunaoandika programu tuna utani wetu kwamba asilimia 90 ya kwanza ya kazi huchukua asilimia 90 ya muda, na 10 iliyobaki huchukua 90 nyingine. Kumbe utani huo unaujua hata msomi wa biashara. Tangu hapo nikaongeza swali dogo: mradi wenu husimamiwa na nani, na mara ya mwisho alijibu barua pepe yako baada ya siku ngapi?

Swali la nne: wiki hii umetumia nini ulichojifunza darasani?

Hili liliwafaa zaidi wanaofanya kazi huku wakisoma. Watatu kati ya wanne walitaja kitu kimoja: kusoma taarifa za fedha. Mmoja aligundua kwamba idara yake inaonyesha faida lakini haina pesa mkononi. Mmoja alikokotoa thamani ya leo ya mkataba wa miaka mitatu na kuwashauri wakubwa wake wauache. Wa nne alitaja namna ya kujadiliana bei na wauzaji. Mkakati, uongozi, maono na yale mengine yenye herufi kubwa kwenye vipeperushi hayakutajwa na yeyote. Sisemi hayana faida. Labda faida yake huja baada ya miaka. Nasema tu kwamba wiki ile hayakutumika.

Swali la tano: katika darasa lililowatangulia, nani bado anatafuta kazi?

Tovuti hutaja waliopata. Wanafunzi wanawajua wasiopata, maana bado wanakutana nao. Yule wa Marekani alinieleza habari ya viza. Septemba 2025 serikali ya huko ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, ile ambayo waajiri huitumia kuwachukua wataalamu wa kigeni. Alichokiona kwa macho yake ni hiki: kwenye vikao vya waajiri, swali la kama utahitaji viza likaanza kuulizwa mapema, na mazungumzo na baadhi yao yakaishia hapo hapo. Ukikopa kwa dola huku ukitegemea kulipa kwa mshahara wa dola, hilo ndilo swali la kwanza kwako, si la tano.

Kila shahidi na alichokiona

Lazima niseme pia kile ambacho mwanafunzi hawezi kukuambia. Yeye anaijua siku yake vizuri. Matokeo ya MBA hayajui, kwa sababu bado hayajatokea.

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence aliandika kuhusu elimu kama ishara: kwamba hata pale ambapo masomo hayakuongezei ujuzi wa kazi, cheti kinaweza kumwonyesha mwajiri kwamba wewe ni mtu wa aina fulani, kwa kuwa si kila mtu angeweza kukipata kwa urahisi. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Kama sehemu ya thamani ya MBA ni ishara, basi wa kuulizwa ni anayeisoma ishara hiyo, si anayeibeba.

Kwa hiyo niliwaendea wakubwa watatu wanaoajiri watu wa teknolojia na kuwauliza: mara ya mwisho ulipompandisha mtu cheo kuwa meneja, ulitazama nini? Wawili walinieleza kazi alizozikamilisha mtu huyo, na hawakukumbuka kama alikuwa na MBA au la. Wa tatu, wa benki, alifungua tangazo la nafasi hiyo na kunionyesha: shahada ya uzamili ilikuwa imeandikwa kabisa. Basi ishara ileile inasomwa mlango mmoja, na mlango wa pili haitazamwi. Wewe unajua unabisha mlango upi?

Na walio na majibu ya matokeo ni wahitimu wa miaka mitano nyuma. Mkopo wanaukumbuka na furaha ya mahafali imekwisha.

Adabu ya kuuliza

Wanafunzi hawa wana muda mchache, mmeiona Jumanne yao. Usimwandikie mtu "naomba ushauri kuhusu MBA" na kumwachia kazi ya kubuni swali. Usimuulize tarehe ya mwisho ya maombi, hiyo iko kwenye tovuti. Usimtumie insha yako airekebishe kabla hamjajuana. Mimi niliandika hivi:

"Habari za leo, dada. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Nairobi na nafikiria kusoma MBA. Jina lako nimepewa na mwenzako wa darasa. Naomba dakika 20 za simu siku na saa utakayochagua wewe. Nina maswali matano kuhusu siku yako ya kawaida, wala sitakuomba unitetee chuoni. Ukiwa na shughuli nyingi nitaelewa."

Wengi walikubali. Usianze na balozi wa wanafunzi aliyeteuliwa na chuo. Anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini kazi yake ni kukaribisha wageni. Na kila ukimaliza mazungumzo, omba majina mawili: mmoja anayefurahia na mmoja asiyefurahia. Yule wa pili ndiye anayekuwa mgumu kupatikana, na ndiye mwenye habari. Mwisho, ukishaamua, rudi uwaambie uliamua nini. Mtu aliyekupa Jumanne yake anastahili kujua ulikwenda nayo wapi.

Nilichoamua

Swali la nne ndilo lililonipa mwelekeo. Kama wiki baada ya wiki kinachotumika ni kusoma taarifa za fedha, na hicho ndicho kilichokosekana upande wetu wa meza, basi ningeweza kukinunua peke yake kwanza. Nikajiandikisha kozi fupi ya uhasibu na fedha, Jumamosi 12, nikalipa kutoka kwenye mshahara. Sikumsumbua mdhamini. Dada yangu alikopa kwa akiba yake mwenyewe, na mwanawe yuko shuleni.

Pendekezo letu la mfumo wa malipo lilirudi mezani baada ya kozi, safari hii likiwa na jedwali: pesa zinazotoka, zinazorudi, mwaka kwa mwaka, kwa thamani ya leo. Lilipitishwa nusu. Nusu si haba, na timu yangu inalala vizuri zaidi mwisho wa mwezi.

MBA sijaifuta. Jumamosi 12 hazikunifundisha kusema mbele ya watu 90, wala hazikunipa marafiki kutoka benki, hospitali na viwanda, na hayo wanafunzi wote saba waliyataja bila kuulizwa. Nimeanza kuweka akiba ili nisome jioni hapa hapa Nairobi, nikilipa muhula kwa muhula bila kushika akiba ya mtu. Na nimekwisha mpa mke wangu hesabu ya Jumanne zetu zitakavyokuwa, naye ameniambia ni zipi anazokubali na zipi hakubali.

Mwenzangu kazini aliyachukua maswali haya haya na yakampeleka kwingine kabisa. Yeye anataka kuacha programu na kuingia biashara ya nishati, hana mtoto, alipata ufadhili wa sehemu ya ada, na mlango anaobisha unaisoma ishara hiyo. Amekwenda. Nadhani ameamua vyema, kama ninavyodhani kuhusu mimi. Ndiyo maana sitawaambia kama MBA ni nzuri au mbaya. Mimi nilitafuta kunguni wa kitanda changu, naye akatafuta wa kwake.

Haya basi, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na siku nitakapoanza masomo, ukinitafuta, tafadhali usiniulize kama nakipenda chuo changu. Niulize Jumanne yangu.